Mwalimu na Watoto wa Nyuma ya Darasa

Wasomaji wetu, na hasa ninyi waalimu wa madarasa ya chini, wenyeviti wa vijiji na wajumbe wa kamati za shule, leo twataka kusema nanyi habari za watoto wa nyuma. Kila mtu aliyepata kukaa darasani awajua. Ndio wale wanaoketi karibu na ukuta wa mwisho. Hawafanyi fujo, hawaulizi, wala hawaulizwi. Wenzao wakiitikia, nao huitikia. Wenzao wakinyosha mikono, nao hunyosha kidogo, wakiwa na hakika kwamba hawataitwa. Mwaka hupita hivyo, na wa pili pia. Kisha siku moja mwalimu wa darasa la tatu humpa mmoja wao kitabu asome, akaona kwamba mtoto huyu hawezi hata kupambanua "ba" na "da". Hapo mwalimu hukasirika, mtoto hulia, na baada ya mwezi mmoja au miwili twasikia kwamba amekwenda pwani kuvuta nyavu pamoja na mjomba wake.

Hatudharau kazi ya bahari. Ndiyo iliyoulea mji wa Bagamoyo tangu zamani. Lakini mvuvi asiyejua kusoma hutia dole gumba katika karatasi ya mkopo wa mashine ya boti, naye hajui atalipa kiasi gani wala kwa muda gani. Ndiyo maana twasema kwamba jambo hili si dogo, wala si la waalimu peke yao.

Watu wa pwani hii si wageni wa elimu. Vyuo vya Kurani vilikuwapo katika miji yetu, toka Bagamoyo hata Saadani na Pangani, kabla shule yoyote ya Wazungu haijajengwa. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaanzisha misheni yao Bagamoyo, wakawafundisha watoto waliokombolewa utumwani kusoma, kulima na kazi za mikono. Baadaye Sewa Haji, tajiri wa Kihindi aliyefariki mwaka 1897, alijenga nyumba ya ghorofa mjini akaitoa kwa Serikali ya Kijerumani iwe shule, kwa sharti kwamba watoto wasibaguliwe kwa rangi wala asili yao. Haya twayakumbusha kwa sababu moja tu: katika vyuo vile vya kwanza ilikuwako desturi ambayo shule zetu zimeisahau, nasi twaona ni hasara.

Chuoni mtoto huja mbele ya mwalimu peke yake, akaketi, akasoma sehemu yake ya jana. Mwalimu humsikiliza yeye tu. Akijua, huongezewa, asipojua, hurudishwa palepale mpaka ajue. Wakati huo wenzake wote wanasoma kwa sauti, kila mmoja mahali pake, na wakubwa wakiwasomesha wadogo. Mgeni apitaye njiani husikia makelele matupu, lakini katika makelele yale mwalimu ajua kila mtoto amefika wapi. Chuo kina ila zake, twazijua: watoto wengi hukariri bila kuelewa maana, na bakora haikuwa mbali. Lakini chuoni hapana wa nyuma. Hakuna siku ipitayo ila mtoto amesikilizwa.

Shule ilikuja na ubao mweusi, na mwalimu mmoja kusema mbele ya wote, na wote kumjibu pamoja. Tuliingia siku moja katika darasa la kwanza la shule moja ya mwambao huu, ambayo hatutaitaja. Waliketi watoto 84, wengine watatu watatu katika dawati la watu wawili, wengine sakafuni. Mwalimu, mwanamke kijana mwenye sauti njema, aliandika "baba" akauliza, "Hapa tunasoma nini?" Watoto wote wakaitika, "Baba!" mpaka bati likavuma. Akaandika "bibi", wakaitika vilevile. Nasi tulikuwa tumeketi nyuma. Mbele yetu walikuwako wavulana wawili wenye nyuso za furaha, wakiitikia kwa nguvu kuliko wote. Mwalimu alipotoka kidogo tuliwaonyesha lile neno "bibi" ubaoni, tukawauliza kwa upole ni neno gani. Mmoja alisema, "Baba." Wa pili alitutazama, akatabasamu, akanyamaza.

Mwalimu yule si mvivu, wala wavulana wale si wajinga. Itikio la pamoja ndilo lililowaficha. Sauti 60 zijuazo husikika sawasawa na sauti 84, na mwalimu aliyechoka huamini masikio yake.

Tena tusiseme juu ya wingi wa watoto kana kwamba ni kosa. Ni matunda ya jambo jema. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba kila mtoto wa Tanzania aingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Waalimu hawakutosha, basi maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini vijijini, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa wakufunzi waliowazungukia. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi iliondolewa, na mwaka uliofuata watoto waliokuwa wamebaki nyumbani waliingia kwa wingi. Ilipotangazwa elimu bila ada toka Januari 2016, madarasa ya kwanza yalijaa tena. Kanuni ni watoto 45 kwa darasa moja. Lakini mwalimu aliyepewa 84 hawezi kuwafukuza 39 warudi kwao. Hana budi kuwafundisha wote. Basi afanyeje?

Kwanza, arudishe ile desturi ya chuo. Watoto 84 hawawezi kusikilizwa wote kwa siku moja, ni kweli. Lakini mwalimu akiwasikiliza 17 kila siku, kwa muda wa dakika moja kila mtoto, siku tano za shule zitakapokwisha amewasikiliza wote, tena amebakiwa na nafasi moja. Dakika 17 katika kipindi cha nusu saa si nyingi. Awe na daftari lenye majina yote, na mbele ya kila jina aandike alama ndogo: huyu ajua sauti za herufi, huyu aunganisha silabi, huyu asoma neno zima, huyu asoma sentensi na kueleza maana yake. Daftari hili lisiwe la kumwonyesha mgeni. Liwe la mwalimu mwenyewe. Baada ya juma la kwanza atastaajabu, maana ataona majina ambayo alidhani ya wajuzi yako chini kabisa, na mtoto mmoja mkimya ambaye hakumtazamia asoma kama maji.

Msomaji atauliza, na wale wengine 67 wanafanya nini wakati huo? Wanasoma wawili wawili. Mwalimu amweke ajuaye kidogo zaidi pamoja na asiyejua, kitabu kimoja kati yao. Mmoja asome, mwenzake afuate kwa kidole, kisha wabadilishane. Patakuwa na kelele. Mwalimu Mkuu akipita nje asidhani kwamba darasa limeasi. Kelele ya watoto 67 wanaosomeana ni tofauti kabisa na kelele ya watoto wasio na kazi, na mtu mwenye uzoefu huitambua toka kwenye ngazi. Ila jozi zisiwe za milele, kwa maana mtoto anayesaidiwa mwaka mzima na mwenzake yuleyule hujiona mdogo wake.

Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulioanza kutumika katika darasa la kwanza na la pili mwaka 2015 ulifundisha kwamba mtoto aanze na sauti ya herufi kabla ya jina lake. Jambo hili watu wengine walilicheka, wakisema watoto wanaguna kama ng'ombe. Nasi twasema lina maana. Mtoto ajuaye kwamba "m" ni ile sauti itokayo midomo ikifumbwa, na "a" ni mdomo ukifunguka, huweza kulijenga neno "mama" kwa akili yake, na kesho atajenga neno ambalo hajafundishwa. Mtoto aliyekariri umbo la neno zima ubaoni hukwama neno likigeuzwa. Na watoto wetu wa mwambao wana bahati ambayo wengi hawana: lugha ya kitabu ndiyo lugha waliyonyonya kwa mama zao. Akiisha kupata ufunguo wa sauti, maneno yote ayajua tayari. Si hivyo kwa watoto wa Wamasai walioko kando ya mto Wami, ambao wengi huanza kukijua Kiswahili siku ile waingiapo shuleni. Hao wahitaji mazungumzo na hadithi miezi mingi kabla ya herufi, na mwalimu asiwahesabu kuwa wazito.

Tuje kwenye kuuliza maswali, maana hapo ndipo watoto wa nyuma hupotea au huokolewa. Waalimu wengi hutaja jina kwanza, kisha huuliza. Jina likiisha kutajwa, watoto wengine wote hupumzika. Yafaa swali litangulie. Uliza, kisha nyamaza, uhesabu moyoni moja hata tano, ndipo utaje jina. Ukimya huo ni mgumu kwa mwalimu, twakubali. Huona kama somo limekufa. Halijakufa, ndipo watoto wanapofikiri. Tena usiwaite wenye mikono juu peke yao. Andika majina yote katika vipande vya boksi, uvitie katika kopo la maziwa, uchomoe kimoja kila unapouliza. Hakuna ajuaye ni zamu ya nani, hata mwalimu mwenyewe, wala mzazi hawezi kusema kwamba mwanawe achukiwa.

Na mtoto akikosea? Hapa twapenda kukaa kidogo, kwa kuwa kosa la mtoto ni barua aliyomwandikia mwalimu, na wengi wetu huichana kabla ya kuisoma. Mtoto aliulizwa 52 toa 17, akaandika 45. Mwalimu wa haraka hutia alama ya mkasi, akaendelea. Mwalimu mwenye subira humwuliza, "Umepataje?" Mtoto hueleza: 7 toa 2 ni 5, 5 toa 1 ni 4. Sasa yote ni wazi. Mtoto huyu ajua kutoa. Lisilomwingia ni kwamba alipaswa kutoa 7 katika 2, naye kwa kuwa haiwezekani akageuza namba. Maneno hayatamsaidia sana. Mpe vijiti vya chelewa, mafungu matano ya kumi kumi yaliyofungwa kwa ukindu, na viwili pembeni. Mwambie atoe 17. Atatazama vile viwili, ataona havitoshi, na mkono wake wenyewe utafungua fungu moja. Sasa ana mafungu manne na vijiti 12. Atatoa 7, vibaki 5. Atatoa fungu moja, yabaki matatu. Ni 35. Fagio moja la chelewa latosha darasa zima, wala halihitaji fedha ya Serikali.

Twastaajabu pia kwamba mtoto yuleyule ashindwaye hesabu ubaoni huishinda sokoni. Nendeni soko la samaki pale Bagamoyo mkawaone watoto waliotumwa na mama zao. Mtoto ana noti ya shilingi 5,000, fungu la samaki ni 1,700, muuzaji amemrudishia 3,000 na kuzungumza mambo mengine. Mtoto hatoki mpaka zile 300 zimtoke mwenye samaki. Hii ni hesabu ya kutoa kwa kukopa, tena ngumu. Basi kwa nini darasani lisiwepo soko? Vifuu viwe mizani, mbegu za mikorosho ziwe samaki, vipande vya karatasi viwe fedha, na mtoto wa nyuma awe muuzaji. Tumemwona mtoto aliyekuwa hasemi neno tangu Januari akinadi samaki wake wa mbegu kwa sauti ya mnadi wa kweli, darasa zima likicheka naye, si kumcheka.

Vifaa vya namna hii si ubunifu wa jana. Katika miaka ya 1980 Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, alianza kuwafundisha akina mama na wasichana wa mitaani kuendesha shule za watoto wadogo zilizoungana na madrasa, na kazi hiyo ilifika Unguja mwaka 1990. Waalimu wake walijifunza kutengeneza zana kwa vitu vya pwani, kama vifuu, makombe na mbegu. Watoto walicheza, wakahesabu, wakaimba, na dini yao na mila zao zikaheshimiwa. Nasi Bagamoyo tuna chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, ambacho sasa chaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Wapiga ngoma na waigizaji wapita mbele ya milango ya shule zetu kila siku. Ni aibu kidogo kwamba darasa la mji huu likose wimbo.

Juu ya kiboko tutasema kwa ufupi. Kanuni za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zilimpa ruhusa hiyo Mwalimu Mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, kwa viboko visivyozidi vinne, tena viandikwe katika kitabu. Hazikumpa mwalimu wa darasa ruhusa ya kumpiga mtoto kwa kukosa hesabu. Wapo wazee wasemao, "Sisi tulipigwa na tukajua." Twawauliza kwa heshima: wale wenzenu waliokimbia, waliulizwa na nani? Mtoto aogopaye fimbo hajibu mpaka awe na hakika, na asiye na hakika ndiye hasa tunayetaka aseme.

Mpaka hapa tumemwekea mwalimu mzigo mkubwa, na haitakuwa haki kumwacha nao peke yake. Yako mambo yasiyo katika uwezo wake.

Shule nyingi humpa darasa la kwanza mwalimu mgeni kuliko wote, au yule aliyeonekana dhaifu, na aliye hodari huwekwa darasa la mtihani. Ni sawa na kumpa fundi mwanafunzi msingi wa nyumba, na fundi mkuu apake chokaa. Waalimu Wakuu wanaweza kuligeuza jambo hili bila kungoja waraka. Katika miaka hii ya 2020 umewekwa utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao waalimu huuita MEWAKA: waalimu wa shule moja hukutana wakafundishana lile linalowashinda. Twausifu, kwa sharti moja. Mkutano usiwe wa kusaini karatasi na kunywa chai. Mwalimu mmoja na aseme wazi, "Mimi kutoa kwa kukopa kumenishinda," na mwenzake aende akamwonyeshe mbele ya watoto. Wale waliofundishwa ualimu wakiwa kazini baada ya 1974 walidharauliwa sana na waliosoma vyuoni, lakini tumewajua miongoni mwao waalimu hodari, nao husema kwamba waliyefaidi kwake zaidi ni mwalimu mzee wa chumba cha pili, aliyewaruhusu kuingia na kutazama.

Maafisa Elimu Kata na Wathibiti Ubora, ambao wazee wangali wakiwaita wakaguzi, nao twawaomba jambo. Mkifika shuleni, maazimio ya kazi na andalio la somo mtayaona, si vibaya. Lakini kabla ya kuandika katika kitabu cha wageni, ketini nusu saa katika dawati la mwisho, karibu na mtoto wa nyuma, mkamsikilize akisoma.

Na ninyi wazee wa vijiji? Mwalimu kijana apangiwaye shule ya mbali, huko upande wa Saadani au Mkwaja, hufika na sanduku lake na godoro, hajui mtu. Juma la kwanza ndilo liamualo kama atakaa au ataanza kuandika barua za uhamisho. Apewe chumba kisichovuja, aonyeshwe kisima, na mke wa mwenyekiti amtume mtoto amjulie hali. Hayo hayana bajeti. Chakula cha mchana ni jambo zito zaidi. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 uliwaachia wazazi chakula cha watoto wa kutwa, na watu wengi walisikia "bila ada" wakafahamu "bila chochote." Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kitu hawezi kusikiliza saa sita ya mchana, hata afundishwe na malaika. Kamati yenye busara huafikiana wakati wa mavuno, mahindi yakiwa ghalani, si wakati wa njaa. Nayo huandika ni debe ngapi, nani ameleta, na funguo za stoo anazo nani, maana michango mingi imekufa kwa sababu ya stoo kuliko kwa sababu ya umaskini.

Liko na jambo la misimu. Dagaa wakijaa, au mpunga ukianza kuiva na ndege na nyani wakishuka mashambani, madawati hupungua. Kukemea hakujasaidia miaka yote hii. Bora mwalimu na mwenyekiti wakubaliane mapema: yule mtoto atakayekosekana majuma matatu ajulikane kwa jina, mama yake aambiwe ni sauti zipi au hesabu zipi zitafundishwa wakati huo, na siku atakaporudi asiketishwe nyuma. Aketi mbele kwa juma moja, na katika lile daftari la majina awe wa kwanza kuitwa kusikilizwa.